Hatua Elfu Kumi za Bawabu

Ilipofika saa sita na nusu mchana, simu ya Bawabu ilikuwa imehesabu hatua elfu tatu mia moja na nne, na goti lake la kulia lilikuwa limezisikia zote, moja moja. Kutoka nguzo ya geti hadi mlango wa kibanda chake ni hatua kumi na moja. Kurudi, kumi na moja. Alikuwa akienda na kurudi tangu asubuhi kama mtu aliyeangusha sarafu, sikio likiwa barabarani, maana lori likipiga honi mara mbili kabla kizuizi hakijapanda, Meneja hutoa kichwa dirishani.

Kazi ya bawabu wa kiwanda cha rangi ni kukaa. Anakaa, anaandika namba ya gari kwenye daftari, anapandisha kizuizi, anakishusha, anakaa tena. Kanuni iliyobandikwa ukutani mwa kibanda ilisema wazi kwamba asiondoke getini kwa sababu yoyote ile. Sasa tangu tarehe mosi ilibandikwa nyingine ubavuni mwake, hii ya watu wa bima: kila mfanyakazi atembee hatua elfu kumi kwa siku, zihesabiwe na simu yake, na wastani wake ukipungua, familia yake isimamishiwe huduma kubwa za hospitali. Aliyetunga kanuni ya kwanza na aliyetunga ya pili hawakuwahi kukaa meza moja. Wa kuzitii zote mbili alikuwa mtu mmoja, tena mwenye goti bovu.

Goti hilo pale kazini hakuna aliyelijua. Bawabu aliyemtangulia aliumwa mgongo, akasema, na miezi miwili haikwisha alikuwa amerudisha sare na filimbi. Kwa hiyo huyu wa sasa alijifunza kuegemea nguzo kama mtu mwenye maringo, na kupanda ngazi za ofisi huku akijifanya anasoma kitu kwenye simu, ili apande taratibu bila kuulizwa.

"Bawabu, unapima kiwanja?" Alikuwa Winchi, mpakiaji wa ghala, aliyepewa jina hilo kwa kubeba madumu manne kwa mpigo. "Kama wanakiuza uniambie, ninunue hapo kwenye kivuli."

"Natafuta hatua zangu."

"Zitafute kwa bidii. Nimepita kwenye birika la chai, orodha mpya ya hatua imebandikwa. Wewe uko chini kabisa, kwa wino mwekundu. Hata yule mama anayekata risiti ofisini, mwenye mimba ya miezi minane amekupita!"

Bawabu alicheka, kwa kuwa mtu asipocheka akitaniwa huulizwa ana nini. Winchi kwa siku moja hufikisha elfu ishirini bila kujua, na familia yake haina hata mwenye mafua. Yeye alikuwa na binti wa miaka minane aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Upasuaji ulikwisha pangwa Alhamisi ya tarehe ishirini na tisa, na daktari alisema mtoto huyu hatauona mwaka mwingine bila kuzibwa lile tundu. Kilichobaki ni kibali. Siku kumi kabla, yaani Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, watu wa bima wangetazama wastani wa baba yake ndipo watoe kibali au wakatae. Siku hiyo ilikuwa tarehe nane, na wastani ulikuwa elfu tano na kitu.

* * *

Nyumbani kwao ni vyumba viwili, na kimoja amekimiliki mke wake pamoja na cherehani. Wateja humwita Fundi, na mumewe naye alimwita Fundi tangu siku za uchumba. Mwezi ule alikuwa na sketi sitini za sare ya shule, zote za marinda, na kila rinda lilimtoa tusi moja dogo. Binti yao alikuwa akiitwa Chiriku na mtaa mzima, kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Kukimbia hakuruhusiwa, kuruka kamba hakuruhusiwa, basi nguvu zake zote alizipeleka kwenye maneno.

Jumapili ile ya tarehe kumi na moja Bawabu alilala mkekani mchana kutwa, kitambaa cha maji ya moto gotini. Simu alikuwa amemwachia mkewe asikilize nyimbo. Fundi aliitia kwenye mfuko wa aproni, juu ya paja, akakanyaga cherehani tangu asubuhi hadi alasiri. Bawabu alipoichukua simu kutazama saa, aliinuka akakaa.

"Fundi, hii simu imechanganyikiwa. Inasema nimetembea hatua elfu tisa mia sita na kumi."

"Wewe? Wewe hata chooni umekwenda mara moja."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakalitazama kanyagio la cherehani. Fundi aliirudisha simu kwenye mfuko wa aproni, akakanyaga mara kumi, taratibu, akisema namba kwa sauti. Simu ikaongeza kumi.

"Mguu ni mguu," alisema Fundi. "Hiyo simu itajuaje ni wa nani na unakwenda wapi?"

"Huo ni wizi, mke wangu. Tutaumbuka. Njia ya mwongo ni fupi."

"Si ndiyo nzuri? Wewe goti linakuuma, njia ndefu utaiweza?"

Chiriku, aliyekuwa mlangoni akichambua vifungo, alicheka mpaka akashika kifua, na kicheko cha wazazi wake kikakatika hapo hapo. Walimpa maji. Alipotulia, Fundi alikata kipande cha lastiki ya kiunoni, akaifunga simu kwenye kifundo cha mguu wake, akavuta sketi nyingine.

Kuanzia jioni ile ikawa ndiyo desturi. Bawabu akirudi saa kumi na mbili na hatua zake elfu nne au tano za kwenda nguzoni na kurudi, anavua viatu, anakabidhi simu. Fundi anafunga lastiki, anashona hadi wakati wa chakula na baada ya chakula. Zilitoka elfu tisa, zikatoka elfu kumi na moja, na siku aliyopandisha pindo za sketi kumi na tano zilitoka elfu kumi na tatu. Bawabu alilala akiwa na raha nusu. Nusu nyingine ilikuwa ikimuuliza maswali.

* * *

Shida ya uongo ni kwamba haujui kiasi. Ijumaa orodha mpya ilibandikwa karibu na birika la chai, na jina la Bawabu lilikuwa la pili, juu ya wapakiaji wote isipokuwa Winchi.

"Hapana," alisema Winchi, kikombe mkononi. "Hapana, ndugu yangu. Mimi nabeba madumu tangu alfajiri. Wewe unabeba kalamu. Umenifikiaje?"

"Nikitoka hapa natembea."

"Unatembea kwenda wapi, mpakani?"

Watu walikuwa bado wanacheka pale Meneja alipoingia na binti mmoja wa kampuni ya bima. Alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya kuvutia vya michezo na kishikwambi kifuani, mwenye kusema "hongera" kama mtu anayegonga muhuri. Aliomba kumwona mshindi wa pili. Bawabu alisukumwa mbele, akatembea zile hatua nne kwa uangalifu wote aliokuwa nao, mguu wa kulia ukinyooka kama wa askari.

"Hongera sana, baba. Wiki moja umetoka elfu tano mpaka elfu kumi na saba kwa siku. Siri ni nini?"

"Nazunguka tu, dada."

"Unazunguka wapi?" Meneja aliuliza. "Na geti langu anashika nani?"

Bawabu alipima majibu mawili. Akisema anatembea kazini, ameacha geti. Akisema hatembei kazini, basi hatua zimetoka wapi? "Nyumbani, bosi. Jioni. Na asubuhi kabla ya kuja."

Binti wa bima aligusa kioo chake mara mbili tatu. "Kuna kitu hapa nataka nikielewe. Hatua zako za jioni zinakwenda kasi sana, halafu zinasimama, halafu kasi tena. Si kosa, ila mkubwa wangu atauliza. Jumatatu asubuhi nitakuja tutembee wote nusu saa, kuzunguka uwanja, nilinganishe mwendo. Tukimaliza, kibali cha mtoto nakitoa papo hapo." Kisha akawageukia wote. "Na jamani, mwenye tatizo la miguu au mgongo asijiumize. Ipo fomu ya msamaha. Daktari anaandika, meneja anasaini, hatua zako hazihesabiwi tena. Kuna mtu?"

Meneja alikuwa akiwatazama mmoja mmoja miguuni, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe baba?"

"Mimi mzima, dada," alisema Bawabu. "Mzima kabisa."

* * *

Jumapili aliamkia kwa mkandaji. Bibi yule alilikanda goti kwa mafuta mpaka Bawabu akauma ukosi wa shati, kisha akalifunga kwa kitambaa. Nusu saa ya kesho alikuwa akiiwaza tangu Ijumaa. Njia nzima ya kurudi alijizoeza kutembea bila kuchechemea, na kila alipofika kwenye kona alishika ukuta kwanza.

Alipofika uani kwake, kilichomshtua ni ukimya. Chiriku akiwa macho, nyumba husikika kabla haijaonekana. Cherehani pia ilikuwa kimya. Alimkuta mtoto nyuma ya nyumba, amechuchumaa, mgongo ukutani, mikono imekumbatia magoti. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na kucha pia. Alikuwa akivuta pumzi kama anayeinywa kwa kijiko. Kwenye kifundo cha mguu wake mwembamba simu ilikuwa imefungwa kwa lastiki, ikazungushwa mara tatu ili isidondoke.

Bawabu hakukumbuka goti. Alimnyanyua, akamwingiza ndani, akamlaza kifuani pake magoti yakiwa yamekunjwa, kama daktari alivyowafundisha. Alimpepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichokuwepo duniani ila ile midomo. Aliomba kwa maneno yasiyo na mpango, akaahidi mambo ambayo hata hana. Rangi ilirudi polepole mno, kwanza kwenye ulimi, kisha kwenye midomo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amepeleka sketi. Mwalimu mkuu alimwita." Chiriku alipumzika, akaendelea. "Nimetembea polepole, baba. Kila nikifika mia nilikuwa nakaa. Halafu mia nyingine nakaa. Ya mwisho tu ndiyo nilisahau kukaa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ulimwambia mama hatua zikipungua hawanitengenezi." Alijaribu kuigeuza ile simu mguuni aione. "Ziko ngapi?"

Zilikuwa elfu moja mia mbili na kumi na mbili. Bawabu aliisoma ile namba, akakifunika kioo kwa kiganja. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima mbele ya mtoto wake, na hasira ambayo hakujua aitupie nani. Alifungua lastiki, na alama zake tatu zilibaki kwenye ngozi ya mtoto.

* * *

Fundi aliporudi na furushi tupu, Chiriku alikuwa amelala usingizi wa kawaida. Bawabu alimsimulia nje, kwa sauti ya chini. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akaketi kwenye kizingiti bila hata kuweka furushi chini.

"Niliiacha juu ya meza," alisema. "Nilisema narudi sasa hivi. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuifunga."

"Sote tulimwonyesha. Kesho nitalisema goti."

"Mbele ya Meneja?"

"Ndiye anayesaini."

"Ukilisema, geti limekwenda. Unakumbuka yule wa mgongo. Na geti likienda, bima imekwenda, na upasuaji..."

"Hawakufukuzi siku hiyo hiyo. Kuna notisi. Upasuaji ni tarehe ishirini na tisa, notisi itakuwa haijaisha. Nimelipigia hilo hesabu tangu Ijumaa, Fundi, ila nilikuwa naliogopa."

"Na ukitembea naye kesho? Nusu saa tu. Ukauma meno?"

"Nitafika robo saa, nitaanguka mbele yao. Hapo nitakuwa nimepoteza geti na kibali vyote. Watu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi ni yangu, kifo kilitaka kumchukua mwingine."

Fundi alilia kidogo, akajifuta kwa aproni. "Na baada ya hapo utafanya kazi gani na goti hilo?"

"Nitakushonea vifungo. Kazi za kukaa naziweza, nina uzoefu wa miaka sita."

Fundi alicheka bila kutaka, akampiga begani kwa furushi. Kisha akaingia ndani, akakaa kando ya mtoto na kumhesabia pumzi.

* * *

Jumatatu binti wa bima alikuwa amekwisha funga kamba za viatu vyake pale Bawabu alipoomba waingie ofisini kwanza. Alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta, bila simu usoni. Ndani, alikunja suruali mbele ya Meneja na mbele ya msichana wa umri wa mdogo wake wa mwisho, akafungua kitambaa. Goti lilikuwa limejaa, linang'aa. Chumba kilinuka mafuta ya mkandaji.

"Tangu lini?" aliuliza Meneja.

"Mwaka jana, bosi."

"Na mwizi akiruka ukuta wangu, ungemkimbiza na hilo?"

"Ningepiga filimbi, bosi."

Binti wa bima hakucheka. Alikuwa ameweka kishikwambi mapajani. "Baba, mwenye goti hili alitembeaje hatua elfu kumi na saba?"

Usiku kucha Bawabu alikuwa ametafuta jibu la swali hilo na hakulipata. "Sikutembea," alisema. "Ni cherehani ya mke wangu. Ya kukanyaga. Tuliifunga simu mguuni mwake. Na jana..." Alianza kulifunga goti upya. "Jana elfu moja na mia mbili ni za mtoto mwenyewe. Yule mgonjwa. Alitaka kutusaidia. Nilimkuta amekuwa wa zambarau. Mnifanye mtakavyo, dada, lakini yeye hakudanganya. Zile alizitembea kweli."

Chini, mashine ya kuchanganya rangi ilikuwa ikiunguruma. Binti wa bima alitazama dirishani kwa muda, na alipogeuka uso wake ulikuwa umepoteza zile hongera zote. Alitoa fomu mkobani.

"Mwenye msamaha hahesabiwi tangu tarehe mosi," alisema, akiandika haraka bila kuinua macho. "Asiyehesabiwa hana hesabu ya kudanganya. Cheti cha daktari uniletee kesho, hili la cherehani mimi sikulisikia. Meneja, saini hapa. Ukisaini, kibali natoa sasa."

Meneja aliishika kalamu bila kuiteremsha. "Nikisaini, nimekubali kwa maandishi kwamba nina bawabu asiyeweza kukimbia. Mwenye kiwanda akiliona hili ataniuliza bado anafanya nini pale getini. Unanielewa? Sina ubaya na wewe."

"Nakuelewa, bosi. Saini."

Meneja alisaini. Binti wa bima aligusa kioo mara kadhaa, akakigeuza ili Bawabu aone. Jina la Chiriku lilikuwa pale, lile refu la kwenye cheti cha kuzaliwa, na chini yake neno moja: Imekubaliwa. Bawabu alilisoma mara tatu. Alitaka kumshukuru, lakini binti alikuwa amekwisha simama, na alitoka bila kuaga.

Meneja alivuta karatasi nyingine, yenye nembo ya kiwanda. Aliandika mistari michache. "Notisi ni siku thelathini," alisema. "Naiandika tarehe ya leo."

Bawabu alihesabu kwenye vidole, mkono ukiwa nyuma ya mgongo. Upasuaji ungeangukia siku ya kumi na moja. Baada ya hapo wiki tatu, ndipo kliniki ya kwanza, daktari autazame moyo kwa mashine aone kama kiraka kimeshika. Alihesabu tena. Siku ya thelathini na mbili.

Alikuwa ameingia mle ndani akiwa ameapa kutobembeleza. Kazi hakuibembeleza. Lakini sasa alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Bosi, naomba uandike kesho kutwa."

"Siku mbili za nini?"

"Kliniki ya mtoto. Inapita notisi kwa siku mbili. Naomba hizo mbili tu. Nisilipwe, hata nisije. Jina tu libaki kwenye kitabu, bima isikatike."

Meneja aliitazama karatasi. Nje lori lilipiga honi. Likapiga ya pili, na safari hii hakuna kichwa kilichotoka dirishani. Meneja aliandika kitu, akaikunja karatasi mara mbili, akaisukuma upande wa pili wa meza. "Nenda ukafungue geti," alisema.

Bawabu alishuka ngazi na kuuvuka uwanja akichechemea waziwazi, na Winchi, aliyekuwa na dumu begani, aliacha kusema alichokuwa anasema. Dereva alitukana kidogo. Bawabu aliandika namba ya gari, akapandisha kizuizi, akangoja hadi magurudumu ya mwisho yapite. Ndipo alipoikunjua karatasi. Tarehe ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja na nyingine kuandikwa juu yake. Meneja alikuwa ameongeza siku mbili, wala si moja zaidi.